Waganga-Makatekista wa Ziwa Tanganyika

Kipindupindu kikiingia nyumbani mwa mtu hapa Uvira, wa kwanza kupiga hodi si daktari. Ni mama au kijana wa mtaa uleule, ambaye twamwita relai. Huonyesha namna ya kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Humsindikiza mgonjwa mpaka kituo cha afya. Tena huuliza watoto wamebaki na nani, na maji ya nyumbani yametekwa wapi, bombani au ziwani. Wengi hudhani kazi hii ilizaliwa na mashirika ya siku hizi. Sivyo, ziwa letu lilipata kuiona zamani.

Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata wakavuka kuja Masanze, na mwaka 1883 wakajenga Kibanga, kusini ya Uvira, karibu na rasi ya Ubwari. Homa ziliwamaliza vijana wa Ulaya kabla hawajajua lugha vizuri. Kardinali Lavigerie alikuwa ametambua kwamba kazi haitasimama bila Waafrika wenyewe, basi mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta. Humo waliwekwa vijana waliokombolewa utumwani, wajifunze dini na uganga pamoja. Maana aliona kwamba mganga hufunguliwa mlango hata pale ambapo mhubiri hukatazwa. Akaagiza wasigeuzwe kuwa Wazungu: wale, wavae na kulala kama watu watakaowahudumia.

Anayejulikana kuliko wote ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa angali mtoto, akanunuliwa na Mapadre huko Algeria. Alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, mwaka 1889, asiondoke tena hata kufa kwake mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Huyohuyo aliyefunga vidonda ndiye aliyefundisha katekismu. Wenzake wengine, kama Joseph Gatchi, walifanya kazi upande huu wa Kongo.

Lakini tusiifanye habari hii tamu kupita kiasi. Nyumba ya Malta ilifungwa mwaka 1896, na waganga waliodumu ziwani walikuwa wachache. Sisi twaona sababu moja ni hii: vijana wale walilelewa mbali miaka mingi, kisha wakaletwa kwa watu wasio ndugu zao. Kijana wa Niger hana ukoo Karema. Atiman aliupata ukoo kwa kuoa hapo na kuzaa hapo. Mwanawe mmoja akawa padre. Elimu ya Malta wenzake pia waliipata, lakini ujirani hausomwi darasani.

Relai wetu kinyume chake anao ujirani tangu kuzaliwa, na mafunzo yake ni ya siku chache tu. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba nyingi mjini, relai hakuhitaji kuulizia njia: alijua bibi gani haoni, na mama gani amejifungua juzi. Huo ndio uganga aliotaka Kardinali, tena umepatikana bila kuvuka bahari. Ila mganga-katekista alitunzwa na misioni, naye relai kwa kawaida hana mshahara. Kwa siku nzima ya kuzunguka mitaani, aghalabu hurudi na fulana na daftari.

Katika semina moja ya mafunzo tuliyohudhuria, mama mmoja muuza ndagala alisimama akauliza: siku ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, ndagala zake zikiharibika sokoni, nani atazilipa? Mwalimu aliandika swali ubaoni, akaendelea na somo la kunawa mikono. Jioni tulipofunga ukumbi, lilikuwa bado pale.