Miwani ghali, lenzi rahisi: unalipia nini dukani?

Niko Cheptais mwaka wa nne sasa, nikisomesha shule ya msingi. Kwa ndugu zangu wa Pwani wasiopajua, hapa ni kaunti ya Bungoma, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, na ukishuka magharibi unafika Lwakhakha, mpakani mwa Uganda. Wenyeji ni Wasabaoti na Wabukusu, wakulima wa mahindi, vitunguu na kahawa. Mwenye shida ya macho aghalabu hupanda matatu hadi Bungoma mjini, au huzunguka kwa Chwele na Kimilili mpaka Kitale.

Muhula uliopita mzazi mmoja alirudi kutoka mjini na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya vipimo vya macho ya bintiye, ya pili ya bei ya miwani: shilingi 9,500. Kwake hayo ni magunia kadhaa ya mahindi, na mavuno yalikuwa bado shambani. Aliuliza kama vile vioo viwili vimetiwa dhahabu. Nikaitazama ile ya vipimo: macho yote mawili ni -1.50, basi, hakuna zaidi. Hiyo ni lenzi inayokaa tayari ndani ya bahasha kwenye kabati la duka lolote la miwani, iwe Bungoma au Mombasa. Haisubiriwi wiki wala haiagizwi ng'ambo. Swali lake ni la haki, na najua kwetu Pwani nako watu wanajiuliza hilohilo, kwa hivyo wacha nieleze.

Kwanza hiyo karatasi, maana wengi hupewa wakaikunja wakaitia mfukoni bila kuisoma. OD ni jicho la kulia na OS ni la kushoto. Ni vifupisho vya Kilatini. SPH ndiyo nguvu ya lenzi. Ikiwa na alama ya kutoa, mtu anaona karibu lakini mbali kuna ukungu. Ikiwa na alama ya kujumlisha, ni kinyume chake. CYL na AXIS hujazwa kwa mwenye jicho ambalo mbele halikuviringika sawasawa, limevutika kama yai badala ya kuwa kama mpira. ADD ni nyongeza ya kusomea kwa waliopita arobaini. Nguvu yenyewe hupimwa kwa dayopta: lenzi ya +1.00 huukusanya mwanga wa jua mahali pamoja kwa umbali wa mita moja, ya +2.00 kwa nusu mita. Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho maduka mengi hayakiandiki, nacho ni PD, umbali wa kutoka mboni moja hadi nyingine kwa milimita. Bila hicho lenzi haiwezi kukaa sawa mbele ya jicho, na mtu atalalamika kichwa kinamuuma ilhali nguvu ya lenzi ni sahihi kabisa.

Sasa hivyo "vioo". Siku hizi nyingi si vioo hata kidogo. Ni plastiki, na iliyoenea zaidi inaitwa CR-39. Wanakemia wa kampuni moja ya Marekani waliipata mwaka 1940 walipokuwa wakijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, na namba 39 ni ya jaribio lililofaulu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitumika kwenye matangi ya mafuta ya ndege za B-17. Vita vilipokwisha ikabaki mali bila mnunuzi, na mwaka 1947 ikaanza kutengenezewa lenzi za miwani. Uzito wake ni kama nusu ya kioo.

Utengenezaji wake ni kama kumimina kaimati kwenye vikombe, ila usafi ndio unaohitajika sana. Maji mazito ya kemikali huchanganywa na dawa ya kuyagandisha, huchujwa, kisha humiminwa katikati ya kalibu mbili za kioo zilizofungwa ukingoni. Umbo la kalibu ndilo linaloipa lenzi nguvu yake. Huingizwa kwenye tanuri, joto likipandishwa polepole kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Zikifunguliwa, lenzi imetoka. Aina nyingine, polikaboneti, ni ngumu kuvunjika. Hiyo huyeyushwa kutoka chembechembe ikasukumwa kwenye kalibu za chuma kwa dakika chache. Viwanda hivi hutoa lenzi kwa mamilioni, na sehemu kubwa ya lenzi za dunia inatoka mji mmoja wa China unaoitwa Danyang.

Hapa ndipo pa kutega sikio. Lenzi hutoka kiwandani kwa njia mbili. Kuna zilizokamilika pande zote mbili, zimepangwa kwa hatua za 0.25: -1.00, -1.25, -1.50 na kuendelea. Dukani hukatwa tu ukingo ziingie kwenye fremu, kazi ya dakika chache kwenye mashine. Kisha kuna zilizokamilika upande wa mbele peke yake, nene kama kitako cha gilasi. Hizo hupelekwa karakana, hukokotolewa mkunjo wa nyuma kwa ajili ya mteja mmoja, huchongwa kwa ncha ya almasi, husagwa na kung'arishwa. Mwenye CYL kubwa, mwenye -9.00, au anayetaka lenzi ya kuona mbali na karibu pamoja, huyo anahitaji kuchongewa, na gharama yake ni ya kweli. Lenzi za namna hiyo zisizo na mstari, zinazobadilika nguvu kutoka juu kwenda chini, zilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959, na hesabu zake si mchezo.

Lakini mtoto wa -1.50 hana haja ya hayo yote.

Basi pesa zinakwenda wapi? Mwaka 2019 E. Dean Butler, mwanzilishi wa LensCrafters, maduka makubwa ya miwani ya Marekani, aliliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba fremu nzuri hupatikana kiwandani kwa dola 4 hadi 8, na lenzi ya kiwango cha juu kwa kama dola moja na robo. Huko Marekani miwani hiyohiyo huuzwa kwa mamia ya dola. Sehemu ya sababu ni majina. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya lenzi ya Ufaransa, Essilor, iliungana na Luxottica ya Italia, mwenye Ray-Ban na Oakley na mwenye leseni ya kutengeneza fremu za majina mengi ya mitindo. Ukinunua fremu yenye jina pembeni, unalipia jina.

Maduka yetu nayo, tuseme ukweli, hayaibi yote. Mwenye duka analipa kodi ya mahali pa barabarani, mtaalamu wa kupima, mashine ya kukatia, na ukuta wenye mamia ya fremu ambazo nyingine zitakaa miaka bila kuguswa. Mteja akishanunua haonekani tena kwa miaka miwili. Kwa hivyo kila jozi inayouzwa inabeba zile zisizouzwa. Na lile bango la "kupimwa macho bure"? Kupima kunachukua muda wa mtu aliyesomea, na mtu huyo hali hewa. Gharama ya kupima imehamishiwa kwenye miwani tu. Mimi ningependa kipimo kiwe na bei yake na miwani bei yake, kila mtu ajue anachonunua.

Lisilonipendeza ni jingine. Duka moja niliko­pita mjini, swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa kama nina bima. Nikasema nalipa taslimu. Bei ya fremu niliyoishika ikashuka pale pale kabla sijafungua mdomo kuomba kupunguziwa. Bei inayoweza kushuka hivyo haikupangwa kwa gharama ya kitu.

Madhara ya haya yote yanaonekana darasani. Kitale, mji jirani, kuna utafiti wa kupigiwa mfano. Dkt. Hillary Rono wa kitengo cha macho cha hospitali ya Kitale, pamoja na wenzake, walichukua shule 50 za msingi za Trans Nzoia na watoto karibu 21,000. Walimu ndio waliopima. Katika nusu ya shule walitumia simu yenye programu ya Peek: herufi E hutokea imegeukia upande fulani, mtoto anaelekeza mkono ilikogeukia, mwalimu anatelezesha kidole. Mtoto mwenye tatizo alipewa barua yenye picha inayoonyesha ubao jinsi yeye anavyouona, na mzazi akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kwenye shule nyingine walitumia chati ya kawaida na barua ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliofika hospitali walikuwa asilimia 54 upande wa Peek, na 22 upande wa pili.

Ile picha ya ubao wenye ukungu ilifanya kazi kuliko maneno. Hata hivyo karibu nusu hawakufika, na hapo ni kwenda kuangaliwa tu, bado hatujagusa kununua. Mzazi wa huku anapiga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, siku ya shamba iliyopotea, na mwishoni bei asiyoijua. Mtoto akishindwa kunakili ubaoni ataambiwa ni mzito wa kichwa, na akishaambiwa hivyo miaka mitatu ataamini.

Yapo mambo ya kuuliza dukani yanayopunguza bei bila kuharibu macho. Omba karatasi ya vipimo na PD yako iandikwe; ukiwa nayo unaweza kuuliza bei maduka matatu. Uliza bei ya fremu peke yake na ya lenzi peke yake. Uliza kama lenzi yako ipo tayari au ni ya kuchongwa. Fremu ya zamani ikiwa nzima, badilisha lenzi tu. Mwenye nguvu kubwa ya kutoa achague fremu ndogo, kwa sababu lenzi hiyo hunenepa ukingoni, na ukingo ukikatwa karibu miwani huwa nyembamba bila kulipia lenzi za bei ya juu. Ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo ina faida, hasa kwa mtoto. Ya kuzuia mwako ni nzuri kwa anayeendesha gari usiku. Lakini ukiambiwa uongeze pesa kwa lenzi ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu, kataa kwa adabu: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi.

Kwa wazee wetu, na kwa akina mama wanaoshona kofia za mkono Lamu na Mombasa, habari ni njema zaidi. Anayeanza kuusogeza msahafu mbali ili asome, au anayeshindwa kutia uzi sindanoni, mara nyingi anahitaji miwani ya kusomea tu, ile ya +1.50 au +2.00 inayouzwa kwa shilingi mia chache. Bangladesh waliijaribu miwani ya aina hiyo kwa watu zaidi ya 800 wa vijijini wenye kazi za kutazama karibu. Baada ya miezi minane, waliopewa walikuwa na kipato cha takriban thuluthi moja zaidi ya wasiopewa.

Ila miwani ya kuning'inia barabarani haimwoni mgonjwa. Presha ya macho hula uoni wa pembeni taratibu, bila maumivu, na mtu huendelea kusoma vizuri huku akigonga milango. Aliyepita arobaini, na hasa mwenye sukari au mwenye mzazi aliyepofuka, apimwe na daktari wa macho: huko kwetu ipo Kwale Eye Centre, huku magharibi ipo Sabatia kule Vihiga na kitengo cha Kitale. Akishapimwa na kuambiwa ni umri tu, hiyo ya mia chache inamtosha.