Mtumwa Aliyeitwa Siti

Huko Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi. Mama yake Mzigua. Unguja ya siku zile jina lilikutambulisha kabla hujafungua kinywa: huyu muungwana, yule mjakazi.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Watwana na wajakazi waliweza kwenda kudai uhuru wao, lakini masuria waliachwa nje. Suria alihesabiwa kama mke wa bwana wake, na bila kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili alibaki pale pale. Mlango wake ulifunguliwa mwaka 1909, miaka 12 baadaye. Uhuru wenyewe, basi, ulimwangalia mtu jinsia.

Mtumwa binti Saad alikuwa akibeba vyungu vya mama yake kwenda kuviuza, akinadi kwa sauti iliyowatoa watu majumbani. Baadaye alihamia mjini, akafunzwa uimbaji na muziki wa taarabu, na huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Wapinzani wake walimsimanga kwa asili yake na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na jina lililobaki juu ya kitabu ni lile alilolipata kwa koo lake. Kwangu mimi huo ni ushindi mkubwa, kwa sababu wanawake wachache wamewahi kupewa lakabu kwa kazi yao.

Tazama mwimbaji Fatuma binti Baraka. Dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude, kitu kidogo, jina la umbo la kichanga. Alipiga ngoma, akafunda wari kwenye unyago, akapewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, na mpaka anafariki mwaka 2013 alikuwa bado Kidude.

Kwenye siasa za Tanzania mambo ni yale yale. Nyerere alikuwa Mwalimu, na hiyo ni kazi. Kawawa alikuwa Simba wa Vita. Rais Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa, na hiyo ni sera ya kuruhusu. Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa TANU tangu mwaka 1955 na kuhutubia umati, alibaki Bibi Titi. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais Machi 2021, naye akaitwa Mama. Ni kweli Nyerere naye aliitwa Baba wa Taifa, na Mama ni neno la heshima. Mimi mwenyewe nalitamka kila siku. Lakini Mwalimu na Ruksa yanakwambia mtu alifanya nini. Mama halikwambii.

Mama yangu mzazi aliitwa kwa jina la kaka yangu, mtoto wa tatu, ingawa wawili wa mwanzo ni mabinti. Siku moja nilimsindikiza zahanati. Muuguzi alisoma jina kwenye kadi, akarudia, akarudia tena. Mama alikuwa ameketi kando yangu, kanga begani, anaangalia mlango pamoja na wengine kuona nani atanyanyuka. Nikamgusa mkono.

“Ni wewe, mama.”