Shaba, Pamba na Mwanga: Nakala za Michoro ya Pwani ya Turner

Nakala ya mchoro inayosifiwa leo kuwa ya ubora wa hifadhi, yaani iliyopigwa chapa kwa wino usiopauka upesi juu ya karatasi isiyo na asidi, huuzwa kama tunda la zama za kompyuta. Hata hivyo, historia ya nakala za michoro ya pwani ya Mwingereza J. M. W. Turner yaonyesha kwamba sifa hiyo ya kudumu ilikuwamo katika kazi za mwanzo kabisa, ikapotea pale rangi zilipoingia katika uchapaji, na ikachukua zaidi ya karne moja kurejea.

Mwaka 1811 Turner alizunguka pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza akikusanya mandhari kwa ajili ya ndugu wawili wachongaji, William Bernard Cooke na George Cooke, ambao kati ya mwaka 1814 na 1826 walitoa kwa mafungu mfululizo wa picha za pwani ya kusini ya Uingereza, zikiwemo za Poole, Weymouth, Land's End, Margate na Whitstable. Turner alichora kila mandhari kwa rangi za maji, kisha mchongaji akaihamishia kwenye bamba la shaba kwa kukata mistari myembamba ambayo ilijazwa wino mweusi na kushindiliwa kwenye karatasi yenye unyevu. Kazi hiyo haikuwa ya kunakili tu, kwa sababu mchongaji alipaswa kuamua ni mistari mingapi, ya unene gani na iliyokaribiana kiasi gani, ndiyo ingesimama badala ya povu la wimbi, ukungu wa alfajiri au wingu la tufani. Turner alilijua hilo vyema, naye alikagua chapa za majaribio moja baada ya nyingine, akizitia chaki mahali palipohitaji mwanga zaidi na kuwarudishia wachongaji wasahihishe. Ushirikiano wake na Cooke ulivunjika hatimaye kwa ugomvi wa malipo, lakini kizazi cha wachongaji kilichopitia mikononi mwake kilijifunza kuuona mwanga kwa namna ambayo Uingereza haikuwa nayo hapo kabla.

Shaba ilikuwa na dosari moja kubwa: ni laini, na mistari yake huanza kufifia baada ya kutoa nakala mia kadhaa, jambo lililozifanya chapa za awali kuwa na thamani kuliko zilizofuata. Thomas Lupton, aliyechonga bandari za Uingereza kutokana na michoro ya Turner katika miaka ya 1820, alitumia bamba la chuma cha feleji, ambalo lilihimili nakala nyingi zaidi. Michoro 12 ya mfululizo huo ilichapishwa upya mwaka 1856, ikiambatana na maandishi ya mhakiki wa sanaa John Ruskin, miaka mitano baada ya kifo cha Turner.

Chapa hizo za shaba na chuma zilitengenezwa kwa wino mweusi wa kaboni, ambayo haibadilishwi na mwanga, na mara nyingi kwenye karatasi iliyotokana na matambara ya pamba na kitani. Ndiyo maana nyingi kati yake zingali imara hadi leo, ilhali michoro asilia ya rangi za maji imehitaji ulinzi mkali. Mwaka 1888 wanasayansi W. J. Russell na W. de W. Abney waliwasilisha kwa serikali ya Uingereza ripoti ya majaribio ambamo karatasi zilizopakwa rangi za maji zilianikwa juani ndani ya mirija ya kioo. Waligundua kwamba rangi nyingi hupauka kwa mwanga, kwamba unyevu huharakisha upaukaji huo, na kwamba palipoondolewa hewa na unyevu rangi nyingi zilibaki salama. Henry Vaughan, aliyeiachia Uskoti kwa wosia michoro 38 ya Turner mwaka 1900, aliagiza ioneshwe kila Januari tu, mwezi ambao mwanga wa Edinburgh ni hafifu, na agizo hilo lingali likifuatwa.

Wakati huohuo uchapaji wa rangi ulikuwa umekwisha kuenea. Godefroy Engelmann alisajili hataza ya litografia ya rangi nchini Ufaransa mwaka 1837, njia ambayo hutumia jiwe tofauti kwa kila rangi, na picha za bahari zikaingia katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida, jambo ambalo halistahili kubezwa. Lakini katika nusu ya pili ya karne hiyo karatasi ya massa ya mti iliyotiwa shabu ilienea kwa unafuu wake, nayo hujiozesha kwa asidi iliyomo ndani yake. Ni katika miaka ya 1950 ndipo utafiti wa Mmarekani William Barrow ulipoithibitisha sababu hiyo kwa upana. Kosa la aina hiyo lilijirudia kuanzia mwaka 1991, wakati studio ya Nash Editions huko California ilipoanza kuchapa kazi za sanaa kwa mashine za kunyunyiza wino: nakala zilikuwa na ung'avu wa ajabu, lakini wino wa awali ulikuwa wa rangi zilizoyeyushwa, na baadhi ya chapa zilipauka ndani ya miaka michache. Suluhisho lilipatikana kwa kutumia chembe ngumu za rangi zilizotapakaa ndani ya wino bila kuyeyuka, pamoja na karatasi ya pamba, kwa hiyo kanuni ikawa ileile ya akina Cooke.

Kwa sababu hiyo, neno hifadhi likiandikwa kwenye lebo halitoshi kuwa ushahidi. Mnunuzi, hasa wa miji yenye joto na unyevu kama Mombasa, Tanga au Unguja, na amwulize muuzaji kama wino ni wa chembe au wa kuyeyuka, kama karatasi ni ya pamba au ya massa ya mti, na picha hiyo aitundike mbali na dirisha.