Ithaneti ilizaliwa kimya: historia ya swichi na feni zake

Mwezi Mei 2023 Ithaneti, yaani mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa kebo ndani ya jengo, ilitimiza miaka 50, na miezi miwili kabla ya hapo mmoja wa wavumbuzi wake, Robert Metcalfe, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika taaluma ya kompyuta. Sifa ya Ithaneti inayotajwa zaidi ni kasi, na ni haki, kwa kuwa mfumo ulioanza na megabiti 2.94 kwa sekunde leo hupitisha mamia ya gigabiti. Sifa nyingine, ambayo ni ukimya, imesahaulika, ingawa ndiyo inayomgusa moja kwa moja mwenye nyumba anayetaka kutandaza kebo hadi vyumbani kisha alale asisikie mvumo wa swichi, yaani kile kisanduku kinachokusanya kebo zote na kupeleka kila ujumbe kwa kifaa kinachohusika.

Tarehe 22 Mei 1973 Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka ulioupa mfumo huo jina, akilichukua kutoka kwa "etha", kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kimejaa angani kote na ndicho kinachobeba mwanga. Etha ya Metcalfe na mwenzake David Boggs ilikuwa kebo nene ya shaba, na makala yao ya mwaka 1976 inaeleza mtandao wa majaribio wenye vituo vipatavyo 100 vilivyounganishwa kwa kebo ya urefu wa kilomita 1. Kebo hiyo haikuwa na mota wala feni. Fundi aliyetaka kuongeza kompyuta aliitoboa kwa uangalifu, kisha akabana juu yake kifaa chenye sindano iliyopenya hadi kwenye waya wa katikati, huku meno yake mengine yaking'ata wavu wa shaba unaouzunguka, na kazi ikaendelea bila mtandao kuzimwa. Mtandao wenyewe ulikuwa waya uliolala kimya darini.

Ugomvi uliozaa swichi ulianza katika kamati ya viwango ya taasisi ya wahandisi, IEEE, iliyoundwa mwaka 1980. Kampuni za Digital, Intel na Xerox, zilizochapisha pamoja maelezo ya Ithaneti ya megabiti 10 mwaka huohuo, zilitaka mfumo wao uwe kiwango cha wote, lakini IBM iliunga mkono mfumo wa pete uliokuja kujulikana kama Token Ring, ambamo kompyuta hupokezana kijiti cha kielektroniki na asiye na kijiti hana ruhusa ya kutuma chochote. Hoja ya wapinzani wa Ithaneti ilikuwa nzito: katika kebo ya pamoja kila kifaa husikiliza kwanza na kutuma pale kinapoona pamenyamaza, hivyo vifaa viwili vikituma kwa wakati mmoja ujumbe hugongana, vyote viwili hulazimika kungoja kwa muda wa kubahatisha na kurudia, na hapana anayeweza kuahidiwa kwa uhakika zamu yake itafika lini. Kamati ilishindwa kuwapatanisha, ikaishia kutoa viwango vitatu badala ya kimoja. Mwaka 1988 Boggs, wakati huo akiwa Digital, alichapisha pamoja na Jeffrey Mogul na Christopher Kent ripoti ya vipimo iliyoonyesha kwamba madai mengi kuhusu udhaifu wa Ithaneti yalitokana na nadharia ambazo hazikulingana na mitandao halisi, na kwamba mfumo uliopangwa vizuri ulihimili mzigo mkubwa. Ripoti hiyo inastahili kusomwa hata leo, kwa sababu watafiti hao waliamua kupima mahali ambapo wengine walikuwa wakibishana tu.

Kilichomaliza ugomvi, hata hivyo, ni kisanduku. Mwaka 1990 kampuni changa ya Kalpana, yenye jina la Kisanskriti linalomaanisha ubunifu, ilitoa swichi ya Ithaneti yenye poti saba, yaani matundu ya kuchomekea kebo, iliyosoma anwani ya kila ujumbe na kuutoa kwa poti moja tu, na baada ya muda migongano ikabaki historia. Kampuni ya Cisco iliinunua Kalpana mwaka 1994, na Token Ring ikafifia. Kazi iliyofanywa na waya mkimya sasa ilihamia ndani ya kisanduku chenye umeme mwingi na joto, na kisanduku hicho kikaundwa kwa ajili ya kabati za vyumba vya mitambo, ambamo ngazi moja ina kimo cha milimita 44 tu. Feni inayoenea humo ina upana wa milimita 40, na kwa kuwa mapanga mafupi husukuma hewa kidogo kwa kila mzunguko, sharti yazunguke kwa kasi kubwa, na hapo ndipo unapotoka ule mlio mwembamba unaopenya mlango wa chumba cha kulala.

Mwaka 1999 kiwango cha gigabiti 1 kwenye kebo ya kawaida ya shaba kilikamilika, chipu zikaendelea kupunguza ulaji wa umeme, na swichi ndogo ya poti tano au nane ikawa haihitaji feni. Joto lilirudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha umeme wa kamera na vifaa vya Wi-Fi ndani ya kebo ileile ya data, kiwango cha mwaka 2003 kinachoruhusu hadi wati 15.4 kwa kila poti, na ya pili ni gigabiti 10 kwenye shaba, ya mwaka 2006, ambayo chipu zake za mwanzo zilikula wati kadhaa kwa kila poti. Kiwango cha gigabiti 2.5 cha mwaka 2016, kinachotumia kebo zilizokwisha kuzikwa ukutani, kimewapa wengi kasi ya kutosha bila feni.

Katika Afrika Mashariki suala hili lilianza kuwa la nyumbani baada ya kebo za intaneti za baharini, SEACOM ikiwa ya kwanza mwaka 2009, kufungua njia ya faiba kufika mitaani, na kuta za zege na matofali zinazodhoofisha Wi-Fi zinaifanya kebo kuwa na maana zaidi. Inasikitisha kwamba mnunuzi huvutiwa na swichi kubwa iliyotupwa na ofisi, kwa sababu ina poti nyingi kwa bei ndogo, bila kuambiwa kwamba iliundwa kwa chumba ambacho hakilali mtu. Mwenye kamera nne anaweza kutosheka na swichi ya poti nane isiyo na feni, yenye kasha la chuma linalotoa joto na adapta ya umeme iliyo nje, mradi ajumlishe wati za kamera zake na kuzilinganisha na jumla iliyoandikwa kwenye kifaa. Swichi nyingi za aina hiyo huandikwa kwamba zinahimili hewa ya hadi nyuzi 40 za Selsiasi, kiasi ambacho kabati lililofungwa darini chini ya paa la mabati huko Mombasa au Dar es Salaam hukipita kwa urahisi mchana wa Februari, kwa hiyo mahali pake ni ukutani kwenye ukumbi, pasipo kubebeshwa ruta juu yake.