Bustani ya Nchi Kavu Hupimwa kwa Maji



Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, sisi akina mama wa Kariakoo tumeona tuandike kidogo kuhusu jambo lililo mbele yetu, yaani ile bustani ya mboga tunayotaka kuianzisha Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kule kwa nguvu mwaka 2016, watoto na ndugu zetu wengi wamehamia pia, na mwenzetu mmoja ametupa uwanja nyuma ya nyumba yake. Wapo wanaosema uwanja huo hautoshi, tutoe akiba yote tukodi ekari tano. Kabla ya kufungua sanduku, hatuna budi kuitazama historia.

Hapa Dar es Salaam tunapata mvua za vuli na za masika. Dodoma sio hivyo. Kule msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 570. Baada ya hapo ni jua na upepo kwa miezi saba.

Wapo waliowahi kupanga shamba kubwa nchi ile bila kuyapima hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa tu, kisha ukashauri zilimwe karanga ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Lakini wapi! Zilizopandwa hazikufika hata elfu kumi. Trekta chakavu za vita ziliharibika, mibuyu ilikataa kung'oka, na ule udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, karanga zikabaki humo humo ardhini. Mvua nayo haikutosha. Mpango ulipofutwa Januari 1951, zilikuwa zimepotea kama pauni milioni 36.

Wakati huo huo Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakilima mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame. Akina mama wao walikausha mboga za majani juani ili ziwafae kiangazi. Na ile mibuyu iliyowashinda wenye trekta, ubuyu wake mpaka leo tunauuza hapa Kariakoo!

Kwa hiyo basi, sisi tumeanza na hesabu ya maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati la mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 500, litatoa lita 25,000. Tukitoa yanayomwagika, tuseme yanabaki 20,000, kama tuna tangi la kuyahifadhi. Kiangazi ni siku 210, kwa hiyo tutakuwa na lita 95 kwa siku. Kila mita ya mraba ya mboga tunaihesabia lita 5. Jibu ni mita za mraba 19, yaani vitanda vinne vidogo. Ekari tano tutazinywesha nini?

Vitanda vyenyewe vichimbwe viwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, vyenye kingo, ili maji yasikimbie. Vitiwe samadi, vifunikwe nyasi kavu, na vimwagiliwe jioni jua likipungua. Mchicha na kunde vitatufaa, na vikizidi tukaushe kama wenzetu wa Ugogo.

Ndugu zetu, mikopo yetu yote tumeitoa kwa utaratibu huu huu. Kwanza tunahesabu kilichomo sandukuni, ndipo tunasema nani akope kiasi gani. Nchi kavu nayo ina sanduku lake, nalo ni tangi. Kwa hiyo tunapendekeza akiba yetu ibaki salama, itolewe sehemu ya kununulia tangi na mifereji ya paa tu, na kila mwenye kutuunga mkono achangie anachoweza. Mkutano ujao wanachama wataamua. Sisi tunasema tangi kwanza, mbegu baadaye.