Stendi ya Ubungo na Maneno Yake

Kabla ya mwaka 2021, wengi wetu tuliotoka Dar es Salaam kwenda bara tuliuaga mji mahali pamoja: Stendi ya Ubungo. Zamani mabasi ya mikoani yaliondokea katikati ya mji, Kisutu na Mnazi Mmoja. Mji ulipofurika, lango likasogezwa magharibi, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na zile za Mandela na Sam Nujoma.

Pilikapilika za Ubungo zilikuwa za alfajiri. Kwa miaka mingi, hadi 2023, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, hivyo yaendayo mbali yaliondoka kwa pamoja kukipambazuka, na abiria alifika kungali giza.

Mpenzi wa lugha alikuwa na mengi ya kuokota pale. *Nauli* ni neno la Kiarabu, na asili yake ni malipo ya chombo cha baharini. *Abiria* naye asili yake ni mvukaji. Basi msafiri wa Dodoma, asiyetarajia kuliona wimbi, aliitwa na kutozwa kwa msamiati wa majahazi. Kiingereza nacho kikaleta *stendi* na *konda*.

Lakini neno lililofika mbali zaidi ni *mpigadebe*. Huyu alinadi majina ya miji kwa sauti iliyokauka, akiligonga bodi la gari kama debe tupu. Leo wasomi na wanasiasa humpigia debe mgombea bila haya, ilhali mpigadebe mwenyewe aliitwa mhuni na kufukuzwa na askari. Tumeichukua kazi yake tukaifanya nahau, yeye tukamwacha nje ya lango.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alizindua kituo kipya cha Mbezi Luis, chenye jina lake, katika barabara ile ile ya Morogoro. Siku hiyo hiyo zilizinduliwa barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la Balozi Kijazi. Penye stendi ya kale pamejengwa kituo kikubwa cha biashara.

Malenga wenzangu, tumeyaimba mno mawimbi na minazi. Mpigadebe wa Ubungo naye anastahili beti zake, tungali tunaikumbuka sauti yake.