Huey Long: Barabara Alijenga, Lakini...

Wasee, mjueni Huey Long. Mwaka 1928 alikuwa gavana wa Louisiana, Marekani, akiwa na miaka 34 tu. Watoto wakapata vitabu vya bure shuleni, barabara zikawekwa lami, madaraja yakajengwa. Hiyo si porojo, alifanya. Lakini wafanyakazi wa serikali walikatwa mshahara kufadhili siasa zake, na bunge likawa la kupitisha miswada yake chapchap. 1934, sasa akiwa seneta, aliahidi redioni kugawia watu mali ya matajiri. 1935 akapigwa risasi ndani ya jengo la bunge alilojenga mwenyewe, akafa na miaka 42.

Kiongozi akikujengea barabara, poa, ni kodi yako. Usimlipe tena kwa kunyamaza. Ama mnaonaje?